Uso wa Dada Yangu

4 Machi

Daktari wa viungo amenipa daftari hili leo na kuniagiza niandike kila siku hali ya Dada: amekula nini, ameshika nini, amesema nini. Anasema tusipoandika tutadhani hakuna kinachosogea. Haya. Leo Dada amekula supu vijiko kumi na kimoja na nusu ya ndizi. Mkono wa kulia umelala vilevile. Amesema "hapana" mara sita na "wewe" mara moja, na huyo wewe nilikuwa mimi, kwa sababu supu ilikuwa ya moto.

Habari za Dada zimeishia hapo na ukurasa bado mweupe, kwa hiyo nitaujaza na zangu.

Mimi ni mwigizaji wa televisheni, wa aina ile ambayo watu wanaijua sura na hawaijui jina. Nina miaka hamsini na tisa. Thelathini na miwili kati ya hiyo nimeimalizia mbele ya kamera nikiwa nesi, hakimu, mke wa mwizi, mjane, mwalimu mkuu, na mjane tena. Nimefiwa na waume kumi na mmoja na nimezaa watoto wasiopungua ishirini. Nyumbani sijawahi kuwa na mume wala mtoto. Nina Dada.

Dada ananizidi miaka tisa. Alifundisha hesabu shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Mwezi wa kwanza alianguka jikoni kwake, birika mkononi; kiharusi kilimpiga upande wote wa kulia na kuondoka na maneno yake. Mwanawe wa pekee anaishi mbali sana na hupiga simu Jumapili. Nikamleta kwangu, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na nane, nikampa chumba changu nami nikahamia kwenye kochi. Mgongo wangu una maoni yake kuhusu hilo kochi, lakini hakuna aliyeuuliza.

5 Machi

Vijiko tisa. Hapana, mara nne. Mawingu.

8 Machi

Mvua imeanza, na mvua ikianza kazi yetu inavia. Studio yetu ni ghala la zamani, paa lake bati tupu. Tone la kwanza likigonga, fundi sauti ananyanyua kiganja, mwongozaji anasema "tunasubiri", na sote tunabaki kama tulivyokuwa ili picha isipishane na ya mwanzo. Leo nimesubiri karibu saa nzima nikiwa nimemnyooshea mkwe wangu kidole.

Huyo mkwe ni wa kwenye tamthilia. Kwa miaka tisa sasa, kila Jumatano jioni, mimi ni mama mkwe anayemtesa mke wa mwanawe. Nimemmwagia chai, nimemfungia nje, nimemsingizia wizi, nimemfichia barua. Watu mtaani wananiita Bibi Sumu. Kuna wakati mwuza mboga alikataa kunihudumia mpaka nimwombe radhi mkwe wangu. Nikaomba radhi palepale mbele ya mafungu ya mchicha, ndipo akanipimia nyanya.

Binti anayeigiza mkwe ni mtu mpole kuliko wote pale studio. Kamera ikizimwa huniita Mama na kunikanda shingo. Leo wakati wa mvua aliniuliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia ni uzee.

Dada: vijiko kumi na viwili. Mtaalamu wa matamshi amekuja, amemwonyesha picha ya kiti, amemngojea. Dada ameiangalia picha, kisha akaangalia dari, kisha akafumba midomo kwa nguvu kama mtu aliyeambiwa jambo la kipuuzi.

9 Machi

Mvua. Supu. Hapana.

13 Machi

Jumatano. Nimezima televisheni kabla ya saa moja na nusu.

Kila Jumatano nafanya hivyo tangu Dada aje. Hajawahi kutazama kazi yangu hata mara moja. Zamani nilipoacha kupiga chapa ofisini na kwenda kuigiza, alinialika chakula, akangoja nimalize kula, akasema kwamba hiyo si kazi, ni kujifanya. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu. Tangu hapo tumezungumza kila kitu, magonjwa, ndugu, bei, misiba, isipokuwa hilo. Nikienda kwake siku ya Jumatano, saa ya tamthilia ikifika ghafla alikuwa na nguo za kuanua.

Sasa hawezi kuinuka kwenda kuanua chochote. Sitaki nimlazimishe kunitazama kwa sababu tu miguu imemkatalia.

15 Machi

Mwandishi wa tamthilia ameniita pembeni leo, kijana wa watu mwenye miwani na adabu nyingi. Nilijua ni habari mbaya, kwa sababu alinivutia kiti. Akasema msimu huu ndio wa mwisho kwa mama mkwe. Watazamaji wamechoka kumchukia bila yeye kulipia. Kwa hiyo atapata kiharusi. Atalala kitandani bila kusema, na yule mkwe aliyemtesa ndiye atakayemlisha kwa kijiko. Mwishoni atakufa.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu kazini anayejua habari za Dada. Mwezi wa kwanza niliomba siku mbili nikasema nina mafua. Ukishakuwa na umri wangu, katika kazi hii hutaji ugonjwa hata wa jirani, maana wataanza kukuhesabia siku.

Akaniuliza kama kuna mgonjwa wa namna hiyo ninayemfahamu, ili nikamtazame na kujifunza. Nikasema hapana.

Nimefika nyumbani nimelowa mpaka ndani ya viatu. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye hukaa na Dada mchana huku akishona, akaniambia leo mgonjwa amekula vizuri. Nikakaa kumlisha cha jioni. Kijiko cha tano nikajikuta nimekisimamisha hewani, namwangalia. Akaniangalia na yeye, mdomo wazi, anasubiri.

16 Machi

Vijiko kumi. Sikuangalia.

22 Machi

Nimeangalia.

Naandika kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Pembe ya kulia ya mdomo wa Dada imeshuka, na ute hutoka hapo kabla yeye hajajua. Mkono wa kushoto hubeba ule wa kulia na kuuweka mapajani kama mtu aliyekabidhiwa kifurushi cha mwenzake. Anapotafuta neno hutazama dari kwanza, upande wa dirisha, halafu hufumba midomo. Jicho la kulia huchelewa kupepesa. Haya yote nilikuwa nayaona kila siku kama dada mtu. Wiki hii nimeyaona kama mwigizaji, na ni kuona kwa namna nyingine kabisa. Unamwona mtu vipandevipande.

Leo asubuhi nimejifungia bafuni mbele ya kioo. Mara ya kwanza nilikuwa kama mlevi. Mara ya pili kama mtu anayeumwa jino. Mara ya tatu Dada akanitazama kutoka kwenye kioo.

Nikanawa uso na kwenda kumpikia.

26 Machi

Leo tumepiga onyesho la kiharusi.

Kitanda kimewekwa katikati ya seti, mashuka meupe mno, mito mitatu. Mpambaji alitaka kunivuta mdomo kwa gundi. Nikamwambia asihangaike. Mkwe alikuwa na bakuli na kijiko. Katika skripti ananilisha, mimi nageuza uso kwa kiburi, kisha nageuka tena na kupokea. Ni hayo tu. Sina neno hata moja. Kwa miaka tisa nimekuwa nikipewa kurasa za matusi, na leo nimepewa kijiko.

Mwongozaji alipotoa ishara, niliuachia uso. Sikuigiza. Niliuachia tu ushuke ulikotaka kushuka. Nikaubeba mkono wangu wa kulia na kuuweka. Nikatazama dari. Mkwe alinisogezea kijiko, kikagonga mdomo ulioshuka, supu ikanidondokea kidevuni na sikuisikia, au niseme, nilikataa kuisikia. Na palepale machozi yakanitoka. Hayakuandikwa popote. Yalikuja yenyewe, nikayaacha, na nilipoyaacha nilijua vizuri sana yatapendeza. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa bila kulipaka rangi. Nililia kweli, na wakati nalia nilikuwa nahesabu taa iko upande gani.

Mwongozaji akasema basi. Yule fundi sauti, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuniambia lolote zaidi ya kunitaka nisichakarishe nguo, alivua vifaa vyake masikioni na kunijia. Akasema mama yake alilala hivyohivyo miaka miwili. Mwongozaji akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Miaka thelathini na miwili nimengoja mtu aseme hivyo. Nikasema asante, nikaomba chai.

Kwenye basi nimesinzia, nikapitishwa vituo viwili. Nimerudi kwa miguu, mvua juu.

27 Machi

Vijiko kumi na vinne. Dada amesema "maji" leo, mara mbili, wazi kabisa. Nilitakiwa kufurahi zaidi ya nilivyofurahi.

10 Aprili

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningefika nyumbani saa kumi na mbili, ningezima televisheni, na hiyo Jumatano ingepita kama nyingine. Lakini mvua ilishuka saa tisa na kutufungia studio, na barabara ya chini ikajaa maji, na basi likazunguka. Nimefungua mlango saa mbili kasoro.

Fundi cherehani alikuwa amewasha. Hakuwa na kosa. Yeye hufuata tamthilia kila wiki na hakujua kama kwetu ni mwiko. Alikuwa amekigeuza kiti cha magurudumu ili Dada aone vizuri. Nguo aliyokuwa akishona ilikuwa imeanguka miguuni pake, na yeye analia kwa kwikwi. Nilisimama mlangoni na mwavuli unadondosha maji. Kwenye kioo cha televisheni mimi nilikuwa kitandani, na mbele ya kioo Dada alikuwa kwenye kiti, na uso ulikuwa mmoja.

Kijiko kikaja. Supu ikadondoka. Machozi yakanitoka, makubwa, ya kupendeza, nusu ya uso ikiwa kwenye mwanga.

Fundi cherehani akageuka, akaniona, akasema, "Jamani, umejifunzia wapi?"

Halafu akaelewa alichokiuliza. Alimtazama Dada, akanitazama mimi, akaokota nguo yake na kwenda zake bila kuaga.

Dada hakunitazama. Kwa mkono wa kushoto aliushika mpira wa gurudumu akausukuma. Kwa kuwa ni mkono mmoja, kiti kilizunguka tu pale kilipo, na alipofika kwenye ukuta akaacha. Akabaki hivyo, uso ukutani. Nikamwita. Nikazima televisheni. Nikamwita tena.

11 Aprili

Amekataa chakula. Hakusema hapana. Hajasema kitu.

12 Aprili

Vijiko viwili, kwa mkono wa fundi cherehani. Kwangu amefumba mdomo.

13 Aprili

Mvua mchana kutwa.

14 Aprili

Jumapili. Mwanawe amepiga simu akaniomba nimweke mama sikioni. Amezungumza peke yake dakika nyingi. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje na mazoezi ya kusema. Nikamwambia anapumzika.

18 Aprili

Huko nje nimegeuka mtu mwingine. Mwuza mboga alitoka nyuma ya meza yake akanishika mikono miwili na kuniambia amenisamehe yote. Mwanamke mmoja kwenye basi alinipisha kiti. Gazeti limeandika kwamba nimekuwa nikifichwa kwenye majukumu madogo kwa miaka mingi. Nimelisoma mara moja na kulitumia kufungia maganda ya viazi.

Leo tulipiga onyesho la pili la kitandani. Niliamua kutomchukulia Dada chochote zaidi. Nikatengeneza kiharusi changu cha kubuni, mdomo upande wa pili, pumzi nzito. Tulirudia mara saba. Mara ya saba mwongozaji akaja akachuchumaa kando ya kitanda. Ni mtu mstaarabu, hapazi sauti.

"Mara ile ulikuwa mgonjwa," akasema. "Leo unaigiza mgonjwa. Kuna nini?"

Nikamwambia nimechoka, na kwamba kama mama mkwe anaweza kufa wiki hii bila kuonekana, mimi nitashukuru. Akacheka akidhani natania.

Ni Mkwe aliyenifuata chumba cha kubadilishia nguo. Alifunga mlango na kukaa juu ya sanduku la viatu. Nikamweleza yote: Dada, kioo cha bafuni, ukuta. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea angeniambia sikukosea, kwa sababu ni mtoto mwenye huruma. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza kama nimemwuliza Dada mwenyewe ni nini hasa kilichomuumiza, au nimejijibia.

Nimejijibia. Maisha yangu yote na Dada nimekuwa nikijijibia.

24 Aprili

Leo sikwenda kazini. Asubuhi nilimwogesha Dada, nikambadilisha, nikamkalisha dirishani, nikavuta kigoda nikakaa chini yake kidogo, kama alivyokuwa akinikalisha kunifundisha kuzidisha.

Nikamwambia kwamba nilimwibia uso. Nikamwambia nilimwangalia akila kama anavyoangaliwa mnyama, kwamba nilifanya hivyo kwa makusudi, na kwamba watu wananisifu na kila sifa naisikia kama jina lake linatajwa vibaya. Nikaomba anisamehe. Nikasema kama hataweza, basi aniambie tu hapana, nimezoea.

Mvua ilikuwa nyembamba, haina kelele. Kisha akaanza kutafuta. Dari, upande wa dirisha. Midomo ikafumba. Nilitaka kumsaidia neno, nikajizuia.

"Uli," akasema. "Ulilia."

Nikasema ndiyo, nilimwonea uchungu.

Akatikisa kichwa. Mkono wa kushoto ukapiga goti lake, mara moja, kama rula juu ya meza.

"Mimi," akasema, na hapo akapumzika, na kuanza upya. "Mimi. Silii."

Sikuelewa. Alinitazama kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia wasichana waliokuja na jibu bila njia. Ndipo nikaanza kurudi nyuma. Miezi mitatu na zaidi. Alipoanguka, hospitalini, aliposhushwa ngazi za kwake kwa machela, alipojichafua mara ya kwanza mbele yangu, alipopewa picha ya kiti na kiti kikakataa kuja. Nimeandika kila kijiko katika daftari hili. Hakuna ukurasa hata mmoja ambao Dada amelia.

Nilichukua mdomo wake, mkono wake, jicho lake na dari yake, vyote kwa usahihi, halafu nikamwekea machozi yangu. Nikamfanya mtu wa kuonewa huruma mbele ya nchi nzima. Kumwiga hakukumkera. Kilichomkera ni kwamba nilikosea.

Aligeukia ukuta kwa wiki mbili kwa sababu hakuwa na maneno ya kunisahihisha.

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Hilo lilichukua muda zaidi, na mara ya kwanza lilitoka neno lisilokuwepo, akalifuta kwa kiganja hewani. Kisha likaja.

"Nipeleke."

Nikadhani hospitali. Akafumba macho kwa kuchoshwa na mimi.

"Kazini. Kwako."

Vijiko kumi na saba. Kwa mkono wangu.

25 Aprili

Nimemweleza mwongozaji kila kitu, kwa simu, nikiwa nimesimama ngazini. Aliuliza tu kama kiti cha magurudumu kitapita mlango wa nyuma.

2 Mei

Leo ndiyo siku mama mkwe amekufa.

Mkwe na fundi sauti walikuja asubuhi kumshusha Dada. Ngazi ishirini na nane, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi na mwavuli juu ya watu wote watatu, sikumkinga hata mmoja. Fundi cherehani alisimama mlangoni pake na kumwambia Dada amependeza, na kweli alimvalisha gauni alilomshonea mwenyewe, la kola, la kikazi.

Walimweka pembeni ya taa, hatua nne kutoka kitandani. Mpambaji akamletea blanketi. Nikavaa nguo ya kulalia ya mama mkwe na kupanda kitandani. Skripti ilisema hivi: mkwe ananishika mkono, mimi najitahidi kusema neno "samahani", nalisema, machozi yananitoka, nakufa. Mpambaji alikuwa tayari na kichupa cha matone ya macho endapo nitakauka.

Nikamwambia mwongozaji sitalia. Akasema kwa upole kwamba watu wamengoja machozi hayo miaka tisa. Nikasema najua. Akafungua kinywa kuendelea, na hapohapo mvua ikapiga bati.

Ilikuwa mvua kubwa kuliko zote za msimu huu. Fundi sauti akanyanyua kiganja. Mwongozaji akasema "tunasubiri", au nadhani alisema, hatukusikia. Kila mtu akabaki mahali pake. Mimi nilikuwa tayari nimeuachia uso, na sikuurudisha, kwa sababu ukishaurudisha ni kazi kuupata tena. Nikalala hivyo, mdomo umeshuka, mkono mmoja umebebwa na mwingine. Na hatua nne kutoka hapo Dada alikuwa hivyohivyo, si kwa kuigiza.

Niliwaona watu wanaanza kutuona. Kwanza mpambaji, halafu mshika taa, halafu mwongozaji. Alinitazama mimi, akamtazama Dada, akarudi kwangu. Hakuna aliyeweza kusema neno na neno likasikika. Dada naye aliwatazama mmoja mmoja, macho makavu, mgongo umenyooka kadiri ulivyoweza, kama anayesimamia mtihani. Mpambaji akakirudisha kile kichupa mfukoni.

Mvua ilipopungua, mwongozaji aliuliza kwa sauti ndogo kama niko tayari.

Mkwe akanishika mkono. Nikalitafuta neno. Nikaenda darini, upande ambao dirisha lingekuwepo, na sikulikuta. Nikarudi, nikaenda tena. Herufi ya kwanza ilifika kwenye meno ikakaa hapo. Nikafumba midomo. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, hasira safi ya mtu mwenye akili zake zote anayesubirishwa mlangoni na mdomo wake mwenyewe. Nikamtazama Mkwe na hasira hiyo mpaka ikaisha, na ilipoisha sikuwa na kingine, nikaacha kupumua.

Mkwe ndiye aliyelia. Haikuwa kwenye skripti na hakuna aliyemzuia.

Mwongozaji hakutaka turudie. Alikwenda moja kwa moja kwa Dada, akainama na kumpa mkono wa kushoto. Akamwambia, "Shikamoo, Mwalimu." Dada akaitikia. Ilichukua muda, na alingoja.

Kwenye gari nilikaa naye nyuma. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba meno yalikuwa mazito. Sikumwuliza. Tulipokaribia nyumbani akanigusa goti.

"Afadhali," akasema.

Wasichana wake wa zamani wangenielewa. Kwa Dada hakukuwa na sifa inayozidi hiyo.

3 Mei

Nimelala mpaka saa tano. Kochi halikuniuma, au liliniuma nisijue.

22 Mei

Jumatano. Mvua imebaki ya asubuhi tu. Leo kifo kimeonyeshwa, na tumekitazama wote watatu, mimi, Dada na fundi cherehani, aliyekuja bila cherehani.

Watu hawakupenda. Simu zimekuwa chache, na aliyepiga kwanza alitaka kujua kwa nini sikuomba radhi, tena nilikuwa nimepewa nafasi. Nafikiri kesho mwuza mboga atanikataa upya. Gazeti halitaandika lolote. Zamani ningekosa usingizi. Dada alitazama mpaka majina yalipoanza kupita. Langu ni la saba kati ya tisa, na hupita upesi. Akaniuliza liko wapi. Lilikuwa limekwisha pita.

3 Juni

Jua siku ya nne mfululizo. Nguo zimekauka hadi mishono.

Sina kazi tangu mwezi uliopita, lakini jana wamenipigia kutoka tamthilia nyingine. Wanataka hakimu, siku moja, ukurasa mmoja na nusu. Nimekwisha kuwa hakimu mara kumi na nne. Nikakubali.

Mtaalamu wa matamshi anataka Dada asome kwa sauti kila asubuhi, na vitabu vya watoto alivyomletea Dada amevisukuma chini ya kitanda. Kwa hiyo leo nimempa skripti yangu, asome mshtakiwa. Mshtakiwa ana mistari minne na ameiba ng'ombe. Tulianza baada ya chai. Mstari wa kwanza, "Si mimi, mheshimiwa," ulitutoa jasho wote wawili, kwa sababu mheshimiwa ni neno refu na lina milima katikati. Aliliacha, akalirudia, akalikata vipande, akaliunga. Mstari wa tatu aliuruka na kuutangaza batili. Wa nne, ambao mshtakiwa anakiri kosa, alikataa kuusoma kabisa. Akasema, "Hakuiba," na kunitolea macho. Nikamweleza kwamba mwandishi ameshaandika aliiba. Akasema tena, hakuiba, ushahidi hautoshi.

Nikavaa miwani. Nikaketi vizuri. Nikamwachia huru pamoja na ng'ombe wake.

Dada akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Ulicheka upande mmoja tu wa mdomo, nami nilicheka naye, nimeinamia karatasi, na sikuangalia namna unavyokwenda.